UFUNDI: Nati ya Kujifunga Nayo Yataka Kukazwa

Kila mwenye mashine ya kusaga posho aifahamu sauti ile. Mashine imetulia asubuhi nzima, kisha katikati ya gunia la tatu husikika mlio mdogo wa chuma juu ya chuma, na kabla mwenyewe hajafika kuizima, mlio umekwisha kuwa kishindo. Nati imelegea. Jioni fundi huja na dawa inayosifiwa katika kila duka la vyuma, nayo ni ile nati yenye pete ya nailoni mdomoni mwake. Huifunga mpaka ausikie ugumu wa nailoni, husema kwamba hiyo haifunguki kamwe, hupokea fedha zake, akaenda zake. Baada ya wiki mbili nati haijaanguka, ni kweli. Ipo palepale juu ya bolti. Lakini mashine yatikisika kama kwanza, na tundu la bolti limekwisha kuliwa hata likawa na umbo la yai.

Kosa lilianza pale fundi alipodhani kwamba kazi ya nati ni kutoanguka.

Bolti ni springi. Maneno haya huwashangaza wengi, maana hapana mtu awezaye kuiona bolti ikirefuka kwa macho yake, lakini ndivyo ilivyo. Nati inapokazwa, bolti huvutwa ikarefuka, na kwa kuwa chuma hutaka kurudia urefu wake wa asili, huvibana vile vipande viwili vilivyofungwa pamoja. Tena urefu huo ni mdogo ajabu. Bolti ngumu ya unene wa milimita 12, ikibana vyuma vya milimita 50, hurefuka kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi moja ya kuandikia barua. Nguvu zote zinazoishika plau nyuma ya trekta zimewekwa akiba katika unene wa karatasi! Rangi iliyoachwa kati ya vyuma viwili, au kutu, au uchafu, vikisagika na kushuka kwa kadiri hiyo, basi akiba imekwisha, ingawa nati yenyewe haikuzunguka hata kidogo.

Na mkono haujui hesabu ya akiba hiyo. Wahandisi wamepima wakaona kwamba katika kila sehemu kumi za nguvu zinazotiwa katika spana, karibu tano humezwa na msuguano chini ya nati, karibu nne katika meno yake, na moja tu ndiyo inayoivuta bolti. Kwa hiyo nati yenye kutu huweza kuwa ngumu sana mkononi, hali bolti haijavutwa bado. Ndivyo alivyodanganyika yule fundi wa posho. Ugumu aliousikia ulikuwa wa pete ya nailoni, na vyuma vilikuwa bado havijabanwa.

Mtu atauliza, je, nati iliyokazwa sawasawa hulegeaje? Gunia la mahindi likiwekwa juu ya ubao ulioinama kidogo halitelezi, kwa kuwa msuguano hulishika. Lakini mtu akilivuta upande, mara kulia mara kushoto, gunia litashuka polepole, ingawa hapana aliyelivuta chini. Msuguano ni kama askari mmoja mlangoni: akishikana na anayemsukuma kutoka upande, hana mkono wa kumzuia mwingine anayetelemka. Na meno ya bolti si kitu kingine ila ubao ulioinama uliozungushwa juu ya chuma cha mviringo. Katika ile bolti ya milimita 12, nati hupanda milimita 1.75 kwa kila mzunguko, nao ni mwinamo wa karibu 1 kwa 20. Vyuma vilivyobanwa vikianza kutelezeana upande, nati hurudi nyuma kidogo kidogo. Haihitaji kurudi mbali. Robo ya robo ya mzunguko yatosha kuimaliza ile akiba ya karatasi.

Jambo hili lilidhihirishwa mwaka 1969 na mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker. Kabla yake wengi walidhani mtikisiko ulio mbaya ni ule unaoivuta bolti kwa urefu wake. Junker alitumia mashine ya kusukuma bamba la chuma huku na huku chini ya nati, akaonyesha kwamba mwendo wa upande ndio unaoifungua upesi, hata ikatoka kabisa. Mashine za namna yake bado hutumiwa kuzijaribu nati za kila aina.

Majaribio hayo yaliiaibisha washa ya springi, ile iliyopasuliwa, ambayo wengi wameiamini tangu zamani. Bolti ikikazwa sawasawa, washa hiyo hulala bapa, na tangu hapo ni washa tu kama washa nyingine. Shirika la Marekani la safari za anga, NASA, liliandika hivyo bila kificho katika kitabu cha wahandisi wake cha mwaka 1990. Mazoea hayafi upesi, na washa hizo bado huuzwa kwa wingi.

Nati mbili juu ya bolti moja ni njia njema ikiwa zimefungwa kwa utaratibu wake. Ile nyembamba hutangulia chini, kisha nene hukazwa juu yake, huku nyembamba ikishikwa kwa spana ya pili isizunguke. Watu wengi hufanya kinyume chake, wakaweka nyembamba juu kama kofia.

Ama nati ya nailoni, yastahili kusifiwa kwa ilivyobuniwa. Huanza kama waya mnene wa chuma. Mashine huukata vipande vifupi, na kila kipande hupigwa kikiwa baridi, katika kalibu moja baada ya nyingine, mpaka kiwe na pande sita na tundu katikati, na juu yake ukingo mwembamba kama mdomo wa kikombe. Ndipo hukatwa meno. Baada ya hapo pete ya nailoni hutiwa katika ule mdomo, na ukingo hupindwa ndani kuishika isizunguke. Pete yenyewe haina meno, na hapo ndipo penye akili. Tundu lake ni jembamba kuliko unene wa bolti, kwa hiyo bolti inapoingia hujichorea njia yake, na nailoni, ambayo hupenda kurudi mahali pake, huyakumbatia meno pande zote. Mbunifu hana budi kupima sana. Tundu likiwa dogo mno, nguvu za spana huishia katika nailoni na bolti huweza kusokoteka. Likiwa kubwa, pete ni pambo tu.

Nailoni haipendi moto. Nati za kawaida za namna hii hazifai mahali panapopita joto la digrii 120 hivi, basi karibu na bomba la moshi la injini hutumiwa nyingine ambayo ni chuma kitupu, na sehemu yake ya juu imebonyezwa kiwandani isiwe duara kamili. Bolti huingia kwa kuilazimisha, nayo huibana bolti kama mkono.

Iko pia dawa ya majimaji. Mwaka 1953 Vernon Krieble, mwalimu wa kemia katika Trinity College mjini Hartford, Marekani, alitengeneza gundi inayobaki maji ikiwa na hewa, nayo ikifungiwa kati ya vyuma pasipo hewa huwa ngumu. Tangu 1956 imeuzwa kwa jina la Loctite. Mtu akinunua kichupa chake asimgombeze mwenye duka kwa kuwa hakikujaa. Nafasi ile imeachwa makusudi, kwa ajili ya hewa inayoizuia gundi isigande dukani.

Kwamba nati chache zaweza kuua watu, Waingereza walijionea tarehe 10 Mei 2002, katika stesheni ya Potters Bar, kaskazini ya London. Pale reli zinapogawanyika, vipande viwili vya reli vyenye ncha nyembamba husogezwa pamoja ili kuliongoza gari moshi, na kati yao hupita vyuma vya kuvishika katika nafasi yake, vilivyofungwa kwa nati. Nati zililegea, na nyingine zikatoka kabisa. Gari moshi lilipopita kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 150 kwa saa, behewa la mwisho liliacha njia likatupwa kukingama chini ya paa la stesheni. Watu 7 walikufa, mmoja wao akiwa mpita njia tu chini ya daraja. Mwaka 2011 mahakama ilitoza faini ya paundi milioni 3. Kabla ya hapo, tarehe 23 Februari 2007, gari moshi jingine lilikuwa limekwisha kuacha reli huko Grayrigg, kwa ugonjwa wa namna ileile katika vyuma vya namna ileile, na abiria mmoja alikufa. Njia hiyo ilipaswa kukaguliwa siku tano kabla ya ajali, na haikukaguliwa.

Mwenye mashine ya posho au trela aweza kuipima nati ya nailoni bila chombo chochote. Ikiwa vidole vitupu vyaweza kuizungusha juu ya bolti mpaka chini, pete yake imekwisha, na itupwe, hata kama chuma chake chang'aa. Ikikazwa, yapasa ncha ya bolti itokeze juu ya nailoni kwa jino moja au mawili, la sivyo pete haijashika kitu. Chini yake rangi na kutu vikwanguliwe kwanza. Na mahali ambapo bolti yenyewe huzunguka, kama kwenye kapi au ekseli ndogo, isitumiwe kabisa. Hapo yafaa nati yenye mikato juu yake, na pini inayopitishwa ndani ya tundu la bolti na kupindwa ncha zake. Nati za magurudumu ya lori kwa kawaida hazina nailoni, nazo hushikwa na mvuto wa bolti peke yake. Gurudumu likiisha kubadilishwa, zikazwe tena baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100, maana kwa wakati huo rangi na vumbi vimekwisha kushuka.