Neno la Mhariri: Mwenye Gamba

Kutoka hapa Kiganjo, karibu na Thika, hadi pwani ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara. Kwa hiyo wapo wasomaji watakaouliza kwa nini jarida la bara limetoa toleo zima kwa kauri, konokono wa baharini mdogo kuliko kidole gumba. Jibu langu liko kwenye mitaro yetu. Mvua za masika zikishuka, udongo mwekundu wa mashamba na wa viwanja vinavyochimbwa misingi hupita mbele ya milango yetu. Tunauruka, tunafuta viatu, tunausahau. Nao unaendelea na safari.

Mito ya Chania na Thika hukutana mjini Thika na kuelekea Tana. Mto Ruiru, mwendo mfupi kusini, hufuata njia nyingine: huingia katika maji ya Athi, ambayo huko chini huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini kaskazini mwa Malindi. Udongo mwingi wa upande wa Thika hunaswa na bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Ule wa upande wa Ruiru huweza kufika baharini. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Katika tabaka zake walisoma dalili za udongo wa bara zikiongezeka tangu mwanzo wa karne ya 20, ardhi ilipozidi kulimwa.

Kauri huishi katika maji hayohayo ya kina kifupi, kwenye miamba na matumbawe. Sisi tunamjua kwa gamba lake tu. Waganda hadi leo huita fedha *ensimbi*, neno lenye undugu na simbi yetu, yaani gamba la kauri, kwa kuwa gamba hilo lilikuwa sarafu yao. Kuanzia mwaka 1845 wafanyabiashara wa Hamburg walilisafirisha kwa shehena kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, wakanunulia mawese. Magamba yalihesabiwa. Mwenye gamba hakuhesabiwa.

Basi tumtazame akiwa hai. Huifunika nyumba yake kwa ngozi laini, na ngozi hiyo ndiyo inayoipa mng'ao tunaousifu. Mchana hujificha chini ya mawe. Usiku hutoka kula mwani. Jike huyaatamia mayai yake mpaka yaanguliwe. Maji yakipwa, mtu akipindua jiwe na kuliacha hivyo, huyaanika mayai hayo juani. Tope nalo likitanda, huyanyima matumbawe mwanga, na matumbawe yakifa, kauri hukosa maficho.

Hoja ya toleo hili ni moja: ulinzi wa bahari huanzia shambani. Hifadhi ya Bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968. Askari wake wanaweza kumzuia mwokota makombe, lakini hawawezi kulizuia tope linaloletwa na mto. Wa kulizuia ni sisi tunaolima na kujenga huku juu. Tena faida ya kwanza ni yetu, maana udongo unaofika Sabaki ni rutuba iliyokwisha kutoroka shambani.

Msomaji wetu, kabla mvua hazijaanza, kata matuta yakikingama mteremko. Panda nyasi za nepia kingoni na uiache miti ya kando ya mto isimame. Ukijenga, usiache udongo wa msingi wazi mpaka mvua iuchukue. Na siku utakayoshuka Malindi na watoto, wapindulie jiwe taratibu, wamwone mwenye gamba, kisha mlirudishe kama mlivyolikuta.