Kura 58 za Ziwa Tahoe na nyumba zetu za wageni

Mwezi Machi 2025 mahakama ya kaunti ya El Dorado, jimbo la California nchini Marekani, ilifuta sheria ambayo wananchi walikuwa wameipitisha wenyewe kwa kura. Sheria hiyo iliitwa Measure T. Ilihusu mji wa South Lake Tahoe na nyumba zake za kukodishwa wageni kwa siku chache, zile ambazo hapa kwetu tunaziita nyumba za Airbnb hata kama haziko kwenye mtandao huo.

Huenda msomaji akauliza, Tahoe na Pwani wapi na wapi? Mimi nasimamia nyumba mbili za wageni pale Shela, na wenyewe hawaishi Lamu. Kazi hii imenifanya nifuatilie kesi ile kwa miaka kadhaa. Jambo walilokuwa wakibishania watu wa milimani ndilo linalobishaniwa kwenye baraza zetu za Lamu, Mji wa Kale, Diani na Watamu: nyumba ni ya kukaa watu au ni ya biashara, na nani ana haki ya kuamua?

Kwanza tuujue mji wenyewe. Ziwa Tahoe liko juu milimani, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na mpaka wa California na Nevada unapita katikati yake. Kina chake kinafika mita 501. Wenyeji wake wa asili ni Wawasho, waliokuwa wakienda pale kila kiangazi kuvua samaki kwa maelfu ya miaka, hadi ardhi ikawatoka mikononi. South Lake Tahoe ya leo ina wakaazi kama 21,000 tu. Lakini watu wa San Francisco na Sacramento hupanda huko kwa gari, kiangazi kuogelea na kupiga makasia, na wakati wa baridi kuteleza kwenye theluji. Wengi wamenunua nyumba huko. Huzitumia wiki chache kwa mwaka, na siku zinazobaki huzikodisha.

Mwenye nyumba akiwa mbali, lazima awepo mtu wa kuisimamia. Hapa ndipo biashara yenyewe ilipo, na hapa ndipo ugomvi ulipoanzia.

Msimamizi wa Tahoe ana mambo ambayo sisi wa bahari hatuyajui. Maji yakiganda ndani ya bomba, bomba hupasuka, kwa hivyo nyumba haiachwi bila moto hata kama haina mtu. Lazima awe na mapatano na mwenye mashine ya kusukuma theluji njiani, kwani ikianguka usiku mgeni hatoki asubuhi. Msimu wa 2022 na 2023 kituo cha utafiti wa theluji kilichoko Donner Pass, kaskazini ya ziwa hilo, kilipima zaidi ya mita 19 za theluji iliyoanguka kwa msimu mzima. Kuna dubu pia. Mgeni akiacha mfuko wa taka barazani, dubu huja usiku, na akishazoea hurudi kuvunja mlango wa jirani. Ndiyo maana nyumba nyingi kule zina sanduku la chuma la taka ambalo mnyama hawezi kulifungua. Halafu kuna moto wa msitu. Mwisho wa Agosti 2021 mji mzima uliamriwa kuhama kwa sababu ya moto ulioitwa Caldor. Tangu hapo bima imekuwa tabu. Mwaka 2023 kampuni ya State Farm ilitangaza kuwa haitachukua wateja wapya wa bima ya nyumba California.

Lakini mengine ni yale yale yetu. Wageni kumi na sita kwenye nyumba ya watu wanane. Magari yaliyozuia njia ya jirani. Muziki usiku wa manane. Jirani anapiga simu, na mwenye nyumba yuko safari ya saa nne kwa gari, amelala. Sisi hatuna magari Shela, tuna punda na mashua, lakini simu ya jirani saa saba za usiku naijua vizuri.

Mji ulijaribu kanuni kwanza: leseni, saa za utulivu kuanzia saa nne usiku, na faini nzito. Watu wa mitaani wakasema hazitoshi. Novemba 2018 ikapigwa kura ya Measure T, iliyotaka nyumba hizo zipigwe marufuku kwenye mitaa ya makaazi na zibaki tu katika ukanda wa watalii. Ilipita kwa tofauti ya kura 58. Kura hamsini na nane, katika mji ambao kila mtu alikuwa na upande. Wenye leseni walipewa hadi mwisho wa 2021 kufunga biashara.

Ndani ya sheria ile mlikuwa na kifungu kimoja kidogo. Mkaazi wa kudumu aliruhusiwa kukodisha nyumba yake hadi siku 30 kwa mwaka. Yule anayeishi kwengine hakuruhusiwa hata siku moja. Ukikitazama kwa jicho la mwenyeji, kifungu hiki ni cha huruma: mama anayefundisha shule, nyumba ni yake, akienda kuwatembelea jamaa zake wakati wa likizo apate senti mbili tatu. Lakini wenye nyumba walikwenda mahakamani. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya California iliwaambia kwamba leseni ya kukodisha haikuwa haki yao ya milele, mji ungeweza kuiondoa. Hoja ya kifungu cha mkaazi, hata hivyo, ilirudishwa chini iamuliwe. Na Machi 2025 mahakama ya chini ikasema kifungu hicho kinabagua watu wa majimbo mengine kinyume cha katiba ya Marekani, na kwa kuwa hakiwezi kung'olewa peke yake, sheria nzima ikaanguka nacho. Baraza la mji likalazimika kukaa chini na kuandika kanuni mpya.

Miaka zaidi ya sita ya kazi, na kura zile 58, zilipotea kwa sababu ya kifungu kilichouliza "wewe ni wa wapi?" badala ya kuuliza "nyumba hii inatumikaje?"

Linganisha na jirani zao. Kaunti ya Placer, upande wa kaskazini wa ziwa hilo hilo, haikupiga marufuku wala haikumuuliza mtu asili yake. Iliweka kikomo cha leseni 3,900 kwa eneo lake, pamoja na masharti ya kelele, taka, magari na mtu wa kuitwa usiku. Kanuni ya namna hiyo haimridhishi kila mtu. Lakini inahesabu nyumba, haihesabu watu, na kwa sababu hiyo ni vigumu zaidi kuivunja kwa hoja ile iliyoiangusha Measure T.

Je, marufuku ilileta nyumba kwa wafanyakazi wakati ilipokuwa ikitumika? Hili ndilo swali gumu, na wanaopenda marufuku hulikwepa. Nyumba iliyotolewa kwenye Airbnb haigeuki mara moja kuwa ya mpangaji wa mwaka. Wengi wa wenye nyumba ni watu wenye uwezo, wanataka nyumba yao wenyewe iwe tayari wakija Krismasi, kwa hivyo waliifunga tu. Wapishi na wafagiaji wa mahoteli waliendelea kuvuka milima kutoka upande wa Nevada kuja kazini. Hadi Novemba 2024 watu wa mji huo walipiga kura nyingine, Measure N, ya kuwatoza kodi wenye nyumba zinazokaa tupu zaidi ya nusu ya mwaka: dola 3,000 mwaka wa kwanza na 6,000 miaka ya baadaye. Ikashindwa. Kura hiyo yenyewe inaonyesha kwamba nyumba tupu bado zilikuwepo, na mpangaji bado hakuwa na pa kukaa.

Sasa turudi nyumbani. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na tangu kabla ya hapo nyumba za matumbawe zimekuwa zikiuzwa moja moja. Sisemi zilichukuliwa, ziliuzwa, mara nyingi na warithi wengi waliokuwa hawana njia nyingine ya kugawana. Tunaloliona leo ni kwamba kijana wa Lamu anayeoa hapati nyumba ya kukodi mjini kwa pesa anazozipata, na anasogea Kashmir au Langoni juu kabisa, huku nyumba ya babu yake ina bwawa la kuogelea uani. Mombasa ni jambo lile lile kwa sura nyingine: majengo ya Nyali ambapo ghorofa nzima ni ya wageni wa wikendi, na mpangaji wa kudumu anaambiwa ahame kodi ikipanda.

Nimesikia kwenye mikutano watu wakisema dawa ni moja: kaunti ipige marufuku watu wa bara na wageni kukodisha, wenyeji waachiwe. Uchungu wao naujua, lakini dawa hiyo haitafika mbali. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 65, tayari inamwekea asiye raia mpaka: hawezi kumiliki ardhi ila kwa muda usiozidi miaka 99. Lakini kati ya raia na raia, kifungu cha 40 kinampa kila Mkenya haki ya kuwa na mali sehemu yoyote ya nchi, na kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi. Kaunti itakayoandika kwamba mtu wa Lamu akodishe na mtu wa Nakuru asikodishe itakuwa imeandika Measure T yake yenyewe. Itakaa mahakamani miaka, mawakili watakula, na siku ikianguka hata masharti mazuri yaliyokuwamo yataanguka nayo.

Kuna mengi ambayo kaunti inaweza kufanya bila kugusa asili ya mtu. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti leseni za biashara, utalii wa mahali na mipango ya makaazi. Sheria ya Utalii ya 2011 nayo ina mamlaka yake ya kitaifa, TRA, ambayo mwanzo wa 2024, baada ya mauaji ndani ya nyumba za kukodi Nairobi, iliwataka wenye nyumba hizi wote wajisajili. Wengi wetu tulijua habari hiyo kwa simu za mkononi, na wengi bado hawajasajili kitu.

Maoni yangu, kama mtu anayekula kwenye kazi hii, ni haya. Kila nyumba ya wageni iwe na leseni ya nyumba, si ya mtu, na nambari yake iandikwe mlangoni. Chini ya nambari hiyo iandikwe simu ya msimamizi anayeishi karibu, awezaye kufika kwa miguu au kwa pikipiki, na asiyepokea simu ya jirani usiku apoteze leseni. Kila mtaa uwekewe idadi ya juu ya nyumba hizo, na ikishafika, anayetaka asubiri. Ada itakayokusanywa ibaki mtaani kwa maji na taka, kwa sababu mgeni mmoja wa Shela hutumia maji ambayo familia nzima ya Langoni ingeyatumia, na kisima ni kile kile cha matuta ya mchanga.

Wasimamizi wenzangu watasema najichongea. Huenda. Lakini kanuni hizi zingewapa wenyeji kazi ambayo mwenye nyumba aliye London au Karen hawezi kuifanya kwa simu. Tahoe ilipodai mtu wa karibu wa kuitwa, kazi hiyo iliangukia watu wanaoishi pale pale. Hii ni njia ya mwenyeji kupata haki yake bila ya sheria kuuliza kabila la mtu, na mahakama haina la kuivunjia.

Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Baba zetu hawakusema mwenyeji ahame. Kama mwenyeji haponi, tatizo haliko kwa mgeni aliyelipa pesa zake akaja; liko kwetu tulioacha nyumba zikawa biashara bila kuandika masharti ya biashara hiyo.

Katiba inataka wananchi washirikishwe kabla ya sheria ya kaunti kupita. Mikutano hiyo hufanyika mchana wa siku za kazi, na mara nyingi huwa na viti vitupu, wakija mawakili wa wawekezaji na watu watatu wa mtaa. Sheria ya Tahoe ilipita kwa kura 58. Msikiti mmoja baada ya sala ya Ijumaa una watu zaidi ya hao. Tangazo la mkutano likitoka, twende, na twende na hoja ya nyumba, maji na kelele. Hoja ya "huyu katoka wapi" tuiache mlangoni pamoja na viatu.