Siku ya Sindano ya Mtoto Iwe Pia Siku ya Mama



Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo tunaliona kila siku lakini hatulisemi. Hapa Dranya mwanamke akizaa, macho yote yanaenda kwa mtoto. Ananyonya? Anaongeza kilo? Ameshapata chanjo? Ni maswali mazuri, tusiyaache. Lakini kama yule mama alikuwa na ugonjwa wa kudumu hata kabla ya mimba, nani anamuuliza na yeye? Wakati wa mimba walimpima, walimwandikia, walimwambia arudi tarehe fulani. Akishajifungua, kadi yake inafungwa, kadi ya mtoto inafunguliwa. Utafikiri ugonjwa ulitoka pamoja na kondo la nyuma.

Ninaandika nikiwa ndani ya hayo maisha. Nina kifafa tangu utoto, na mtoto wangu wa kwanza ana miezi saba. Mimba yote nilikaa vizuri. Wiki ya tatu baada ya kuzaa nilianguka mara mbili ndani ya siku nne. Maneno yakaanza. Wengine ati maziwa yangu yana ugonjwa, nimwachishe mtoto. Wengine ati ni mambo ya ukoo, dawa za hospitali haziwezi. Nesi mmoja akaniuliza swali moja tu: "Usiku unalala saa ngapi?"

Hilo swali lilikuwa na maana kuliko maneno yote ya majirani. Kukosa usingizi ni moja ya vitu vinavyoamsha kifafa, na mtoto mchanga anakuamsha kila baada ya saa mbili tatu. Mtu ambaye alikuwa amekaa mwaka mzima bila kuanguka anaweza kuanza tena, hata kama anameza dawa yake kila siku. Hajalogwa. Amechoka.

Na tuseme wazi: kifafa hakiambukizi. Hakipiti kwenye maziwa, hakipiti kwenye mate wala povu. Mama mwenye kifafa anaweza kunyonyesha, na wengi wanaotumia dawa wananyonyesha bila shida, wakifuatwa na mhudumu wa afya. Anachohitaji ni mambo madogo ya nyumbani. Anyonyeshe akiwa amekaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani. Asimwogeshe mtoto akiwa peke yake. Asibaki peke yake na mafiga yanayowaka. Na usiku mmoja mmoja mtu amsaidie mtoto ili naye alale. Kitu kimoja asifanye kabisa: kuacha dawa ghafla kwa sababu jirani amesema. Kama dawa yake ni ile inayoitwa valproeti, ni vizuri aongee na daktari mapema kabla ya mimba nyingine, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini aongee kwanza, asiiache mwenyewe.

Si kifafa peke yake. Kuna presha. Wengi wanajua presha ya mimba, hawajui kwamba inaweza kupanda hata baada ya kujifungua, mpaka wiki ya 6. Mama akisema kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, anahema kwa shida, huyo hasubiri kesho. Kuna selimundu pia. Utafiti wa taifa uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 waliopimwa Uganda, kama 13 walikuwa wamebeba chembe yake. Wengi wa hao hawaumwi, lakini mwenye ugonjwa wenyewe anajua vile malaria, baridi au kukosa maji ya kunywa kunavyoamsha maumivu ya mifupa. Sasa fikiria maumivu hayo, na mtoto analia mgongoni.

Sasa nije kwenye wazo langu. Hatuhitaji mradi mpya wenye jina na fulana. Tuna kitu tayari. Mtoto anapelekwa kuchanjwa akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, halafu miezi 9. Hata mama aliye maskini kabisa anajikaza asikose hizo siku. Basi siku hizo ziwe na za mama. Mtoto akichomwa sindano, mama apimwe presha, aulizwe analala vipi, aulizwe dawa zake zimebaki ngapi, aongezewe palepale. Kadi mbili, safari moja.

Kwa nini nasisitiza safari moja? Kwa sababu mara nyingi leo siku ya chanjo si siku ya wagonjwa wa kudumu. Mama anatoka Jumanne kwa ajili ya mtoto, anaambiwa kwa ajili yake mwenyewe arudi wiki ijayo. Boda ni pesa. Kwa miguu ni jua na mtoto mgongoni. Akichagua safari moja, unajua atachagua ipi. Atampeleka mtoto, dawa zake ataziacha. Watu watasema amejipuuza. Hapana. Alipewa mlango mmoja akapitisha mtoto. Na hali ikiharibika, njia ya kwenda hospitali ya rufaa Arua ni zaidi ya kilomita 50 kutoka Koboko. Kupima presha dakika chache ni rahisi kuliko hiyo safari.

Najua wahudumu watasema nini, na wana haki. Foleni ni ndefu, nesi ni mmoja, dawa zinaisha. Ni kweli. Lakini mama huyo tayari amekaa kwenye benchi akisubiri. Mhudumu wa kujitolea wa kijiji, kijana aliyefundishwa, anaweza kumpima presha na kumuuliza maswali matatu kabla zamu ya mtoto haijafika. Dawa kama hazipo, angalau ijulikane mapema nani zinamwishia, isiwe tunajua siku ameshaanguka motoni.

Kwa ndugu wa mashirika, naomba jambo lingine. Mwaka 2023 msaada wa chakula wa WFP hapa Uganda uligawanywa kwa makundi matatu kufuatana na uhitaji, na Mei 2025 watu milioni moja walitolewa kwenye msaada huo. Tunaelewa pesa zimepungua duniani. Lakini mkiwa mnahesabu nani anaweza kujitegemea, msitazame umri na mikono tu. Mwanamke wa miaka 22 anaonekana ana nguvu. Huoni kwamba hawezi kulima peke yake shambani kwa sababu anaweza kuanguka, au kwamba jua la mchana mmoja litamlaza wiki nzima. Tena ananyonyesha, anakula kwa ajili ya wawili. Muulizeni kuhusu ugonjwa wake, na muulize tena baada ya kuzaa, maana hali ya kabla ya mtoto si hali ya baada ya mtoto.

Na sisi vijana, tusikae tukinyoosha kidole kwa wakubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikundi chetu kinaweza kuwa na daftari moja tu: mama gani ana ugonjwa wa kudumu, kama mwenyewe amekubali kuandikwa, na mtoto wake anachanjwa lini. Siku hiyo mmoja wetu anamsindikiza, anambeba mtoto njiani, anakumbusha kadi mbili. Kaka zetu nao wasikimbie, kubeba mtoto si kazi ya wadada tu. Na mama mzazi akionekana amelala mchana, acheni kusema ni mvivu. Kwa wengine wetu, huo usingizi ni dawa kama zile vidonge tunazomeza.

Mwanzo mwema ni wiki hii. Kama una dada, mke, shemeji au jirani mwenye mtoto mchanga, ukishamaliza kumsifu mtoto kwamba ni mzuri na amenenepa, ongeza swali moja: "Na wewe mama, dawa zako zimebaki ngapi?" Halafu ngoja jibu.