Sanduku la mama linakauka Januari

Najua nimepotea, majaribio yalinibana kweli kweli. Leo nina la moyoni.

Jumamosi nilipanda nyumbani Kibosho nikakuta banda tupu. Ng'ombe hayupo. Namuuliza mama, ananiambia kauzwa kulipa deni. Deni gani tena, na wewe uko kwenye kikundi? Ndipo akanisimulia.

Hivi vikundi mnavijua. Mtindo wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, huku kwetu wengi tunauita VICOBA. Akina mama wananunua hisa, wanakopeshana. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, hela zinahesabiwa mbele ya wote. Riba unayolipa inarudi kwenu wenyewe. Hapo sina neno, safi kabisa.

Tatizo ni Desemba. Ndugu wanarudi kutoka Dar, Krismasi imefika, kikundi kinavunja sanduku na kugawana kila kitu. Januari shule zinafunguliwa, sanduku halina kitu, na kila mama anataka mkopo wiki ile ile! Mdogo wangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Ada shule za serikali ilifutwa 2016, sawa, lakini sare, madaftari na godoro nani anatoa? Mama akaenda kwa wale wa kausha damu. Ng'ombe ndio akalipa.

Mimi nasema hivi: wagawane faida tu, hisa zibaki. Sehemu iwe mtaji wa mradi wa pamoja, wakusanye maziwa ya nyumba zote na kuyashusha Moshi mjini. Kwa mila zetu kahawa ni ya baba, na hela yake ni ya msimu; akina baba walikuwa na KNCU yao toka 1933. Ndizi na maziwa ni mali ya mama, na ng'ombe anakamuliwa kila siku. Kule Nronga, Machame, akina mama walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988. Kwa hiyo sisemi ndoto.

Mama akacheka. "Mwanangu, hela ikikaa miaka, nani atailinda?"

Jamani, ni swali la haki. Kugawana kila mwaka ndio ulinzi wao, aliyekula hela anaumbuka mapema. Lakini hela inaweza kukaa benki kwa saini tatu, kama zile funguo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 nayo inavitambua vikundi hivi na inataka visajiliwe. Na sisi tunaosoma uhasibu, tunashindwa kweli kukaa jioni moja na mama zetu tukawakagulia daftari?

Mkutano wao ni Jumatano. Mama kasema niende nikayaseme mwenyewe mbele ya wenzake. Nimekubali, ila tumbo linaniuma tayari.

Kwenu wanavunja chote au wanabakiza? Nawasilisha.