Mihangaiko Yako Si Mazoezi

"Kaka, mimi kutwa nzima nahangaika, mazoezi ya nini tena?" Mgusie mtu habari za mazoezi hapa Kigoma, kuanzia Mwanga, Gungu hadi Ujiji, jibu ni hilo. Linatolewa kwa kujiamini, utadhani kuchoka ndiko kufanya mazoezi.

Nitalipokea kwa mbeba mizigo wa Kibirizi. Huyo anatwishwa gunia, anapita juu ya ubao unaochezacheza kutoka kwenye boti hadi nchi kavu, kisha anarudi mbio kuwahi jingine. Tumwache apumzike. Lakini wanaolitoa zaidi ni wengine. Mwenye duka, amekalia kiti cha plastiki tangu saa moja asubuhi, na sabuni ya rafu ya juu anaiangusha kwa fimbo. Dereva wa bodaboda, anakipanda kilima siku nzima, ila inayohema ni injini. Karani, na sisi waandishi tumo. Kinachotumaliza ni jua, kelele, madeni na kukaa. Moyo wenyewe haujashughulishwa.

Ukimbana, anakimbilia utetezi wa pili: muda hana. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima, akichagua mazoezi makali, apate walau dakika 75 kwa wiki. Zigawe kwa siku saba, hazifiki hata 11. Na tangu 2020 halidai tena kwamba lazima zifululize dakika kumi ndipo zihesabiwe.

Hata chini ya hapo kuna faida. Katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, Martin Gibala na wenzake walichukua wanaume wasio na mazoea ya mazoezi, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Kundi moja lilikanyaga baiskeli kwa mwendo wa wastani dakika 45. Jingine lilikanyaga kwa nguvu zote sekunde 20, mara tatu tu, na katikati likakanyaga polepole. Pamoja na kupasha na kupoza mwili, ni dakika kumi. Mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Pumzi za makundi yote mawili ziliimarika sawa, kwa takriban asilimia 19.

Huna baiskeli ya maabara? Uani panatosha. Pasha mwili, kisha chuchumaa na kuinuka upesi sekunde 20, pumzika, kimbia papo hapo ukipandisha magoti, pumzika, rudia. Kama bado unaweza kusimulia mechi ya jana bila kukatika pumzi, hujafanya kitu. Wengi hujidanganya hapo, wakipunguza muda na ukali kwa pamoja. Mwenye presha, au aliyekaa miaka bila kutoka jasho, apimwe kwanza. Hospitali ya Maweni si mbali.

Wewe mwenye duka, dakika hizo kumi unazo. Kila asubuhi unazimalizia kwenye simu kabla hujafungua mlango.