Lami Haijaua Njia ya Kamembe
KANDO YA ZIWA, na Salima Mukamana

Kila kiangazi wageni hupita hapa Gisenyi wamefunga mahema na sufuria nyuma ya baiskeli, safari ya Kamembe. Wanafuata Njia ya Kongo-Nile, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Siku hizi wako wanaonung'unika: tangu sehemu kubwa iwekewe lami, ati njia imekufa. Zamani ilikuwa vumbi na mawe, sasa lori linakupigia honi mgongoni.

Mimi simo. Mkulima wa kahawa wa Kinunu hakuumbwa akae matopeni ili mtalii apate picha nzuri.

Tena lami hiyo imetupa sisi nafasi ya kuipita njia hiyo wenyewe. Mnyonzi wa hapa, abebaye watu kwa baiskeli, ana baiskeli ya chuma isiyo na gia, yenye mto wa abiria nyuma. Kwenye mlima hushuka akaisukuma. Mvua za Aprili zikinyesha, udongo ule humshika magurudumu. Kwenye lami, kati ya Juni na Agosti, atafika Kibuye, kule Karongi, amechoka lakini amefika. Milima bado ipo, asijidanganye mtu.

Miguu tunayo. Tour du Rwanda tumeizoea hapa Rubavu, na Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Tulipiga makofi, kisha baiskeli zikarudi kubeba viazi. Kwetu baiskeli ni kazi, au ni mbio za kutazama. Kusafiri nayo kwa raha na kulala hemani bado ni mambo ya wazungu. Shangazi yangu angeuliza: huyo analala nje, kafukuzwa na nani?

Wajapani wana njia iitwayo Shimanami Kaido, iliyokamilika mwaka 1999, kilomita kama 70 kutoka Onomichi hadi Imabari, ikiruka kisiwa hadi kisiwa kwa madaraja. Pembeni mwa barabara wamechora mstari wa buluu, ukiufuata hupotei. Unakodi baiskeli mwanzo wa njia, unairudisha mwisho wake. Madaraja yale ni ya fedha nyingi, hatuyawezi. Lakini rangi ya buluu?

Na kukodi baiskeli Gisenyi ukaiacha Kamembe, boti ikairudisha, kunatushinda nini? Pa kulala hapahitaji hoteli nyingine ya kutozana dola. Kiwanja kilichofagiliwa, choo safi, maji, na ushirika wa wavuvi au wa kahawa unaokisimamia kwa bei ya mfuko wa mwalimu. Jioni wauze sambaza wa kukaanga. Giza likiingia, mitumbwi hutoka mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka na wavuvi wakiimba. Onyesho hilo wageni wanalilipia, nasi tuliozaliwa hapa wengi hatujaliona kutoka upande wa Rutsiro.

Na wakati tunao: likizo ndefu ya shule huangukia kiangazi, wakati ule ule barabara zinapokuwa kavu. Wilaya ni tano kutoka hapa hadi Rusizi, iliko Kamembe. Naziuliza ofisi zake: nani anaanza kununua rangi? Karongi wakitutangulia, sisi wa Rubavu tusije tukasema hatukuambiwa.