Mwanao, Baiskeli na Kona za Mlimani



Sisi tunaoishi Usambara tunaijua thamani ya baiskeli, na tunaijua hatari yake. Barabara itokayo Mombo hupanda kiasi cha kilomita 33 hadi Lushoto, na vijia vinavyoingia vijijini ni vikali kuliko barabara yenyewe. Wakati wa kupanda mtu husukuma. Kushuka ndiko kunakovunja mifupa.

Mwezi wa Shaabani uliopita mwanangu wa miaka 14 alivunjika mtulinga. Alikuwa juu kilimani, akaisikia adhana ya Alasiri, akataka kuiwahi jamaa. Kwenye kona ya mwisho kabla ya msikiti, penye changarawe, akaiogopa kasi yake mwenyewe, akakamata breki ya mbele kwa nguvu zote hali usukani umekwisha kukunjwa. Gurudumu likateleza. Kanzu nayo ikanaswa na mnyororo, hata asiweze kuutoa mguu.

Mama yake alitaka baiskeli iuzwe siku ile ile. Nami nilielekea kukubali, kisha nikakumbuka kuwa mtoto anyimwaye baiskeli nyumbani huazima ya jirani, na ya jirani huenda haina breki kabisa. Tena kosa halikuwa lake peke yake. Nilimfundisha kuendesha uwanjani, penye ardhi tambarare, nikadhani kazi yangu imekwisha.

Nikamwendea kijana mmoja wa mtaani ambaye kwa miaka mingi hushusha mboga kwa baiskeli. "Mzee wangu," akaniambia, "kona huikata kabla hujaifikia."

Maana yake ni hii. Tairi lina uwezo mmoja tu wa kuishika ardhi, mfano wa mfuko mmoja wa matumizi ya nyumba: ukiumaliza kwa kufunga breki, hubakiwi na cha kukunjia kona. Basi kasi ipunguzwe mapema, baiskeli ikiwa bado imenyooka, kwa breki zote mbili zikibanwa pole pole. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa mteremkoni uzito huelemea mbele, lakini ikibanwa ghafla ndiyo itupayo mtu. Ndani ya kona breki huachiwa, au, mteremko ukiwa mkali mno, huguswa kidogo tu bila kufunga gurudumu. Gurudumu lililofungwa halisikilizi usukani.

Jambo la pili ni macho. Mwanangu alikuwa akiitazama ile changarawe, na huko huko akaenda. Baiskeli hufuata uso wa mwenyewe. Kichwa na mabega vigeuzwe kuelekea pale kona inapoishia, hata kama gurudumu la mbele bado halijaanza kupinda.

Kisha mwili. Kiti kishushwe kiasi cha upana wa kiganja ili nyonga zipate nafasi. Mwendeshaji asimame juu ya pedali zilizo sawa, magoti na viwiko vimelegezwa. Wengi hujirudisha nyuma kupita kiasi kwa woga; gurudumu la mbele huwa jepesi, nalo huteleza. Kona ikiwa finyu, baiskeli ndiyo ilazwe, mwili ubaki wima kidogo juu yake.

Kwenye kijia, kona finyu huingiwa kutoka ukingo wa nje, mtu akavumilia, akapinda kwa kuchelewa. Hapo wazazi tuwe wakali: kanuni hiyo haina nafasi kamili barabarani. Sisi twapita kushoto; kwenye kona ya kushoto ukingo wa nje ni katikati ya barabara, na huko ndiko yanakopita malori. Abaki upande wake, apunguze mwendo zaidi. Mvua ikinyesha, ringi hulowa na raba za breki hazishiki mpaka maji yafutike, kwa hiyo aanze kuzigusa mapema sana. Na kanzu iwe mkobani. Kofia ya viua ni pambo, haikingi fuvu. Apatikanaye na kofia ngumu aivae.

Mfupa ulipounga, tulikwenda wawili hadi ile kona. Kwanza tuliipita kwa miguu, tukatazama mawe yalipo. Kisha akaishuka taratibu mara nyingi, nami nimesimama chini. Mara mbili alishindwa, akashuka na kuisukuma, nikamwambia hilo si aibu.

Lakini mguu wa kasi ulikuwa moyoni. Alidhani kukimbilia msikitini ni ibada. Nikamsomesha kuwa Mtume (s.a.w.) alitukataza kuiendea swala mbio hata iqama ikisikika, alituamrisha kwenda kwa utulivu, tuswali tulichokidiriki na tukamilishe kilichotupita. Kijana akanyamaza, kisha akauliza, "Hata nikichelewa rakaa mbili, baba?" Nikamjibu, hata mbili.

Jumanne iliyopita nilikuwa katika safu ya nyuma ya Alasiri. Tulikuwa rakaa ya tatu nilipohisi mtu anajiunga kuumeni kwangu, anapumua taratibu, kanzu yake safi. Imamu alipotoa salamu, yeye akainuka kukamilisha zilizobaki.